Waliokufa Kabla Hatujafika

Kasiani mwanangu,

Salamu nitaziacha. Tumeamkiana asubuhi ya leo na ulinijibu huku unaangalia ukuta, kwa hiyo sioni faida ya kukuuliza kwa kalamu kama hujambo. Umekwenda Kiranjeranje kumuaga baba yako wa ubatizo, utarudi jua likizama, na kesho asubuhi lori la ufuta litakuchukua barabarani likupeleke Lindi, na kutoka Lindi uende seminari. Nina mchana mmoja tu. Nimekaa kwenye dawati la mbele humu shuleni, lile lenye mguu mbovu, watoto nimewapa ruhusa waende wakafukuze ndege mashambani, nami naandika.

Mambo ya sabuni, na blanketi, na kutokunywa maji usiyoyajua, mama yako amekwisha kuyasema na atayasema tena kesho. Mimi nina moja tu. Ningelisema kwa mdomo kama nisingejijua. Nikianza kusema nawe husimama kama niko mbele ya ubao, sauti inapanda, wewe unanyamaza kwa ule unyamavu wako, na tunaachana tukiwa na hasira. Wiki nzima tumekuwa hivyo. Kwenye karatasi angalau siwezi kukupazia sauti.

Jambo lenyewe ni bibi yako. Umemwambia mama yako kwamba kesho utatokea mlango wa nyuma, ushuke kwa njia ya shamba la muhogo mpaka barabarani, ili usipite mbele ya jiko la bibi na unga wake wa kuagia wasafiri. Umesema huwezi kuagwa na mtu aliyeukataa ubatizo akarudia mizimu, wewe unayekwenda kusomea upadre. Nilikuwa nje ya dirisha, nikasikia kila neno. Sikuingia kukukemea, kwa sababu maneno uliyokuwa ukiyasema yalikuwa yangu.

Jumapili ile nilikuwepo, nikishona kiatu changu barazani. Bibi alikuwa amekwisha kukubali kubatizwa. Baada ya miaka yote ile ya kukaa nyuma kabisa kanisani na kuondoka kabla ya baraka, alikuwa amekubali, na si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili yako. Wewe ndiye uliyemfundisha ishara ya msalaba, naye kila mara akianza kwa mkono wa kushoto unamshika, anacheka, anasema, "Mume wangu, mbona unanivuta mkono mbele za watu?" Amekuita mume wake tangu ulipozaliwa, kwa sababu nilikupa jina la baba yangu, Matimbwa, na kwa sababu una uso wake. Padre alikuwa aje Jumatano. Mama yako alikwisha kufua shuka nyeupe, mimi nilikwisha kumchagulia jina la Ana.

Ndipo alipokuuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza njia.

"Mume wangu, nikishamwagiwa hayo maji, huko niendako nitamkuta Matimbwa? Na wale watoto wangu wawili wa kwanza, watakuwepo? Wanakula?"

Nawe ukamjibu, "Bibi, wao wako pale baba alipotuonyesha. Lakini wewe utaokoka."

Hukusema kwa ubaya. Hata sauti uliishusha. Bibi akauvua ule mkufu wenye medali uliompa, akautundika kwenye msumari juu ya kitanda chako, akachukua chungu chake na mkeka wake akahamia jikoni. Jumatano padre alipokuja alimkuta anapalilia, akamsalimia vizuri, akaendelea kupalilia. Tangu siku hiyo hali chakula cha nyumba yangu. Anapika chake, anakula chake, na mama yako analia.

Wewe unaona ni ukaidi wa mzee. Mimi najua ni nini, kwa maana neno lile la "pale baba alipotuonyesha" lilinichoma kama sindano ya kushonea kiatu. Ulikuwa mdogo sana siku ile ya picha. Nilikuwa na matumaini kwamba umesahau.

Kama unakumbuka nilichoonyesha, basi unaikumbuka na picha yenyewe. Ilikuwa ya kitambaa, kubwa, ikikunjwa na kukunjuliwa kama mkeka, na ilikuja kutoka misheni nilipokuwa mwalimu mpya hapa. Upande mmoja mwanga na malaika, upande wa pili moto. Watu wa motoni walikuwa Wazungu watupu, wamepakwa rangi nyekundu kidogo kwa ajili ya joto. Nilikuwa na fimbo ya kuonyeshea. Wakati ule walionisikiliza hawakuwa wengi. Wengi wa kijiji ni Waislamu, wana mwalimu wao na chuo chao cha Kurani, na waliobaki walikuwa wakija kwangu mvua ikinyesha kwa sababu paa langu halikuvuja. Nilikuwa kijana, nilikuwa na kiburi, na padre alikuwa akiuliza kila akija, wangapi.

Siku hiyo mama mmoja aliuliza, hawa wa motoni ni akina nani. Ningeweza kusema ni wenye dhambi, nikapita. Lakini niliwaona wamechoka, wanapiga miayo, na nikataka waamke. Basi nikaanza kuwataja watu wa kijiji. Nilichagua wale waliokufa kabla misheni haijafika huku milimani, wote watu tuliowajua, wenye watoto wao wamekaa pale pale chini. Huyu ni fulani, huyu ni mama yake fulani. Watu waliacha kupiga miayo. Nilipoona wameanza kulia nikaona nimepata, nikaendelea, na ili wasidhani nawaonea wao peke yao nikaweka fimbo juu ya mzee mmoja mwenye ndevu ndefu, nikasema, "Na huyu ni Matimbwa, baba yangu mzazi."

Jirani yetu Mzee Abdala, ambaye alikuwa amejikinga mvua tu, alisimama akasema, "Mwalimu, nami nitafutie nafasi humo nisije nikabanana." Watu wachache wakacheka kwa woga. Mimi sikucheka, wala bibi yako. Alikuwa nyuma, na wewe ulikuwa umelala mapajani mwake, au nilidhani umelala. Jioni alinijia akaniuliza swali moja, "Yule Mzungu mwenye ndevu, una hakika ndiye mume wangu?" Nikamjibu kwamba picha ni mfano. Akasema, "Mfano wa nani?" Nikamwambia asinisumbue.

Wengi waliandikisha majina mwaka ule. Padre alinisifu. Nami nilijifunza kutomfikiria baba yangu hata kidogo, maana kila nikimfikiria nilikuwa namwona na zile ndevu ambazo hakuwa nazo.

Sasa nakuambia ambalo hukulijua. Nilikwenda misheni kwa mafungo ya walimu, nikakaa na padre mzee, yule ambaye ndevu zake zilikuwa za manjano kwa sababu ya tumbaku. Alitaka kujua nimefanyaje mpaka watu wameongezeka. Nikamweleza kwa majivuno, fimbo na majina na vyote. Akaweka kiko chake chini.

"Nani alikuambia?" akauliza.

"Ni mafundisho, padre. Asiyebatizwa hawezi kuingia."

"Sikukuuliza mafundisho. Nimekuuliza nani alikuambia kuhusu baba yako."

Nilikiangalia kile kiko. Akasema, "Mwalimu, sisi tumetumwa tubatize. Hatukutumwa tuwagawe watu waliokufa kabla hatujafika. Aliyewaumba alikuwa nao kabla yangu na kabla yako, na anavyokwenda nao hakunionyesha mimi. Rudi, uwakusanye watu wale wale, useme mbele yao kwamba majina yale uliyataja wewe, si Mungu."

Niliporudi, njiani nililala kwenye kituo cha padre kijana, yule aliyehamishwa baadaye. Nikamsimulia, nadhani nikitafuta wa kuniokoa na aibu. Akaniokoa. Akasema mzee amechoka, na kwamba nikiwaambia watu kuwa babu zao wanaweza kuwa salama bila ubatizo, nani atajisumbua kubatizwa? Lilikuwa swali la akili, na lilinifaa. Nilifika nyumbani nikaikunja ile picha, nikaipandisha darini, na sikuifungua tena. Nilidhani hiyo yatosha. Lakini majina sikuyarudisha. Nilinyamaza, wewe ukakua ndani ya ule unyamavu, na Jumapili ile ukamjibu bibi yako kwa fimbo yangu. Nakuomba radhi, Kasiani. Naandika neno hili polepole ili ulione vizuri.

Usidhani nimekaa miaka yote bila kuuliza. Kila padre aliyepita hapa nilimuuliza, mmoja mmoja, kwa siri, kama mgonjwa anayezunguka kwa waganga. Mmoja aliniambia wote wamepotea, na kwamba asingevuka bahari kama asingeamini hivyo. Alisema kwa uchungu, sikuweza kumchukia. Mwingine aliniambia kila mtu atahukumiwa kwa mwanga alioupata, na aliyeishi kwa haki kufuata dhamiri yake ni kama ameutaka ubatizo hata kama hakulisikia jina lake. Kuhusu watoto wadogo waliniambia kuna mahali pao ambapo si motoni wala si mbinguni, hawaumii, ila hawamwoni Mungu. Hilo la watoto nilimpelekea bibi yako, nikidhani namletea dawa. Alinisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Na hapo mahali, nani anawapikia?" Nikaona ni swali la kijinga. Nikaondoka.

Leo asubuhi, ulipokwisha kushika njia ya Kiranjeranje, nilikwenda jikoni kwake. Sikuwa nimejipanga. Nilimkuta anachekecha unga wa mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja kunionyesha nani?"

Nikakaa chini, maana kigoda alikikalia yeye. Nikamwambia, "Nimekuja kusema kwamba sijui. Walipo baba na watoto, sijui. Siku ile nilitaja majina bila kuambiwa na mtu."

Akaendelea kuchekecha. "Ulipokuwa unayataja, ulijua kwamba hujui?"

"Sikujua. Nilikuja kuambiwa mwaka ule ule."

"Mwaka ule ule," akasema. Akaweka chekeche chini. "Ungekuja mwaka ule ule ukaniambia, mimi ningelala."

Mwanangu, nimepigwa mara nyingi maishani mwangu, na walimu, na askari, na baba yangu mwenyewe. Sijapata kupigwa kama kwa neno hilo. Alikuwa hana hasira hata kidogo. Alikuwa anahesabu usingizi wake.

Nilitaka kuondoka, lakini nilikaa, na kwa kuwa sikuwa na mafundisho mkononi nikamuuliza jambo ambalo katika maisha yangu yote sikuwahi kumuuliza. Nikamuuliza kwa nini unga. Unajua anavyofanya. Kila mtu wetu akisafiri, na kila mavuno, anamimina unga wa mtama ardhini pembeni ya mlango wa mbele, jirani na jiko lake, taratibu, mpaka usimame kilima kidogo, anaufunika chungu, na asubuhi anafunua aone kama umesimama. Nimemkataza. Mwaka mmoja niliupiga teke, nikiwa nimevaa rozari shingoni, akaja na ufagio akakusanya na mchanga wake. Nilichojua ni kwamba ni mtambiko, na mtambiko nilifundishwa ni nini. Ni hayo tu niliyoyajua.

Akaniambia. Baada ya vita vya Maji Maji mashamba yalichomwa na ghala zikachomwa, na wao wakakimbilia msituni na watoto wawili, dada yangu na kaka yangu ambao mimi sikuwaona, kwa maana nilizaliwa baadaye. Walikula ming'oko, viazi vya porini, na ming'oko ilipokwisha walikula vitu ambavyo hakutaka kunitajia. Wa kiume alikuwa mgongoni, alikwenda bila kelele. Msichana alikuwa anasema tayari. Aliomba ugali. Aliomba siku nzima, kwa heshima, kama mtoto aliyefundishwa vizuri. Na bibi yako akamwambia, "Unga unakuja. Baba yako amekwenda kuuleta. Lala, ukiamka utaukuta." Akalala. Hakuamka.

"Basi nauleta," akaniambia. "Nilimwambia ataukuta. Wewe unaniambia naabudu. Mimi sijui kuabudu. Mimi nilimwambia mtoto ataukuta."

Nilikaa na ule unga mbele yangu. Nikakumbuka teke langu, na mguu niliopigia.

Baadaye akaniuliza tena lile swali lake la siku zote, kama wanakula. Nikasema, "Sijui, mama."

"Hilo nalo hujui. Sasa mwalimu unajua nini?"

Nikamwambia ninalolijua. Nikamwambia kwamba huyu tunayemhubiri, alipokuwa duniani, watu walimfuata mahali pasipo na kitu, na jioni wanafunzi wake wakamshauri awaache waende zao wakajitafutie. Hakukubali. Hakutaka kuwaaga wakiwa na njaa. Akawaketisha kwenye majani akawalisha wote, na watoto wao, bila kuuliza nani ni nani. Nikamwambia pia kwamba alipokufa alikwenda waliko wafu. Kila siku tunalisema hilo katika Kanuni ya Imani, kwa pumzi moja, tukikimbilia siku ya tatu. Mimi sijui alifanya nini huko. Lakini najua ni mtu wa namna gani aliyekwenda.

Bibi yako alichukua tena chekeche. Kisha akasema, "Hilo la chakula hukuwahi kuniambia. Ulianza na moto."

Na ni kweli, Kasiani. Miaka yote hii, mama yangu mzazi, aliyekwisha kuona njaa kuliko mtu yeyote ninayemjua, nilimletea habari njema nikaanza na moto.

Nakujua. Hapa utakuwa umekunja uso, utakuwa na swali la padre kijana mdomoni. Kama waliokuwa nje wanaweza kupokelewa, wewe unakwenda seminari kufanya nini, na baba yako amefanya nini miaka yote hii kwa mshahara wake wa chumvi na shati? Nimelifikiria mchana huu kuliko nilivyolifikiria maisha yangu yote, na jibu langu ni dogo. Bibi yako amebeba ile ahadi peke yake tangu angali mama kijana. Kila mvua, kila mavuno, kila usiku asiolala, anafunua chungu aone kama mtoto amepokea. Hakuna aliyemwambia kwamba yuko mwingine awezaye kuibeba naye. Ndiyo kazi yenyewe, naona, na mimi niliyetumwa nayo nilimwongezea mzigo juu. Hayo ndiyo nijuayo. Huko uendako kuna vitabu na mapadre wenye akili, wataniona mjinga, na pengine watakuonyesha mahali nilipokosea. Wasikilize. Ila wakikufundisha la kusema juu ya wafu wa watu, liseme kana kwamba mama yao amekaa nyuma.

Sikuambii umwage unga. Amri ya kwanza unaijua, na sitaki uanze safari yako kwa jambo ambalo dhamiri yako inalikataa. Bibi mwenyewe hataki hivyo. Nilimwambia kwamba umeazimia kupita nyuma. Nikaona mikono yake imeanza kutafuta kitu cha kushika. Kisha akaniambia jambo jingine ambalo sikulijua, na hili ndilo lililonileta kwenye karatasi hii.

Unajua babu yako alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, vile vya Wajerumani na Waingereza, na hakurudi. Mimi nilikuwa mtoto, nimelala. Nilidhani siku zote kwamba walikuja wakamkamata mbele ya mlango. Haikuwa hivyo. Alisikia askari wako kijijini, akatokea mlango wa nyuma, akashuka kwa njia ya shamba la muhogo, ile ile unayotaka kushuka wewe. Walikuwa wanamngoja huko chini mtoni. Bibi yako alikuwa upande wa mbele anawachelewesha kwa maneno. Hakumuaga, hakumwona uso, hakumwekea unga. Mpaka leo anapomwaga unga anaumwaga mlango wa mbele tu.

"Mwambie mume wangu sitaki aniambie walipo," alisema. "Aniambie hajui, kama ulivyoniambia wewe. Na kama hilo ni gumu, asiseme kitu. Hata asiinamishe kichwa. Apite tu hapa mbele nimwone uso. Huo uso ulishanipita kwa nyuma mara moja."

Nikamuuliza kuhusu maji, kwa kuwa siwezi kujizuia, mimi ni mwalimu. Unajua kwamba mgonjwa akizidiwa na padre yuko mbali naruhusiwa kubatiza mwenyewe. Akasema, "Siku nitakayokuita utakuja na maji yako. Nitakuita. Lakini sitakuwa ninakimbia moto wako. Nitakuwa naingia kuwatafuta. Nikifika nisipowaona, nitamuuliza mwenyewe. Mtu aliyelisha watu wote wale hawezi kunifukuza kwa kuuliza."

Sikujua hayo ni imani au ni ukaidi. Nimefundisha katekisimu miaka yote hii na sikuweza kuyapanga upande wowote. Nilichofanya ni kumsaidia kuchekecha unga uliobaki, na nikawa namwaga mwingi chini mpaka akaninyang'anya chekeche.

Jumapili ijayo, wewe ukiwa mbali, nitasimama kanisani niseme kwa mdomo wangu nilichoambiwa nikiseme zamani. Nitawataja wote wale tena, kila jina, niseme sijui walipo. Naogopa sana. Wengine watakasirika, wengine watauliza walibatizwa kwa ajili ya nini, na Mzee Abdala hatakosa la kusema hata akisikia kwa watu. Niombee. Hilo nalihitaji kuliko barua zako, ingawa na barua uandike, mama yako atanisumbua.

Barua hii nitaiweka ndani ya kiatu chako cha kulia, kile kipya. Huwezi kwenda seminari peku, kwa hiyo najua utaiona. Sanduku lako nitalibeba mimi. Nitatoka nalo mlango wa mbele, nipite jikoni, nishuke kwa njia kubwa. Ukitokea nyuma sitakuita wala sitageuka. Nitakukuta barabarani, nitakupa sanduku lako na baraka yangu, na hutasikia lawama kwangu, kesho wala siku nyingine. Mwenye haki ya kukulaumu siye mimi.

Bibi yako ni mzee, Kasiani. Miaka ya seminari ni mingi. Nadhani unaelewa hesabu hiyo bila mimi kuiandika.

Mungu akutangulie katika njia yoyote utakayoishika.

Mimi baba yako, nikupendaye na nisiyejua.

Nimetoka nje, nikafika nyumbani mara moja kabla ya kuikunja barua. Jua bado liko juu ya mikorosho, wewe hujarudi, na lori ni la kesho. Bibi yako amekwisha kutoa kigoda chake jikoni akakiweka kando ya mlango wa mbele, karibu na chungu kilichofunika unga. Nilimuuliza kama hajui kwamba safari ni asubuhi. Akasema anajua, ila safari hii hataki kuchelewa. Amekaa hapo, anaangalia njia.